Saa 41 Singapore

Tiketi ya kunirudisha Dar es Salaam kutoka Melbourne, nilikokuwa nimehudhuria kozi ya wiki tatu, ilikuwa na njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ya kubadilisha ndege harakaharaka na kufika nyumbani nikiwa bado na usingizi wa Australia. Ya pili, ambayo wakala alinionya kwamba itanichosha, ilikuwa inanishusha Singapore siku ya Ijumaa saa kumi alasiri na kunichukua tena Jumapili saa tatu asubuhi. Nilihesabu kwa vidole nikapata saa 41, nikailipia hiyo ya pili. Wenzangu wa kozi walipotaka kujua mtu anaweza kuona nini Singapore kwa saa 41, niliwaambia kwamba siendi kuona kitu, naenda kula wali kwa watu. Wahenga walikwisha kutupangia ratiba ya safari za namna hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hesabu yangu ningeondoka kabla jembe halijatolewa stoo.

Mwenyeji wangu na mimi tulilala chumba kimoja kwa miaka mitatu katika bweni la wasichana la Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, pale Gombak, pembeni ya Kuala Lumpur, ambako Watanzania, na hasa Wazanzibari, wamekuwa wakisoma kwa miaka mingi. Yeye ni Mmalay wa Singapore. Usiku, taa ikishazimwa, tulikuwa na mchezo wa kutafutana maneno: mmoja anataja neno la lugha yake, mwingine anasema kama analo. Meja yao ni meza yetu na bendera yao ni bendera yetu, kwa kuwa Mreno alipita kwao kama alivyopita kwetu. Sabun ni sabuni, waktu ni wakati, dunia ni dunia. Usiku tuliogundua kwamba gereja, ambayo kwao ni kanisa, ndiyo gereza letu, tulicheka hadi msimamizi wa bweni akagonga mlango. Neno nililolipenda kuliko yote lilikuwa musim, ambalo ni msimu, yaani majira ya upepo. Waarabu walilipakia chomboni wakalishusha pwani zote mbili, kwao na kwetu, pamoja na tende na chumvi. Tuliagana mwaka 2010, kila mmoja akaenda kuolewa kwao, na tangu hapo tulikuwa watu wa kutumiana picha za watoto na salamu za Idi.

Kuhusu uwanja wa ndege wa Changi nitasema machache, kwa sababu kila aliyepita pale ameshausimulia. Ni kweli kwamba ndani ya jengo liitwalo Jewel, lililofunguliwa mwaka 2019, maji yanaporomoka kutoka kwenye paa la kioo kwa kimo cha mita 40, na kwamba miti imepandwa kuyazunguka, mfano wa kipande cha msitu wa Amani kilichofunikwa kwa bakuli. Niliyatazama kwa dakika tano hivi, kwa sababu rafiki yangu alikuwa ananisubiri pembeni ya maji hayo akiwa ameshika mwavuli na mfuko wa plastiki wenye sambusa. Yeye alikuwa amenenepa kidogo na mimi nimenenepa zaidi. Tulikumbatiana katikati ya njia huku masanduku ya watu yakitugonga visigino, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile la Gombak: dah makan? Umeshakula?

Nilitarajia kupelekwa kwenye maegesho ya magari, naye akalisoma tarajio hilo usoni mwangu, akacheka, akaniongoza kwenda kwenye treni. Wao hawana gari na hawajawahi kuwa nalo, ingawa yeye ni mhasibu na mumewe ni fundi mkuu bandarini, watu ambao kwa Dar wangekuwa na magari mawili na ugomvi wa mafuta. Tangu mwaka 1990, alinieleza tukiwa tumesimama tumeshikilia vishikio, mtu anayetaka kununua gari Singapore hulazimika kwanza kushinda mnada wa cheti kinachompa haki ya kulisajili, na cheti hicho huisha baada ya miaka 10. Mwaka 2023 bei ya cheti cha magari makubwa ilifika dola 150,000 za Singapore, na hapo hujagusa bei ya gari lenyewe. Miaka 10 ikitimia, ulipe tena au liondoke nchini au likavunjwe. Nikamwambia kwamba basi ndiyo maana kwenye yadi za magari kwetu mtu hukutana na gari lililotoka Singapore likiwa bado linang'aa. Kwenu limeshakufa, kwetu ndiyo kwanza linatafutiwa namba. Tulibadilisha treni Tanah Merah, jina ambalo maana yake ni ardhi nyekundu ingawa sikuona hata kijiko cha udongo wa rangi yoyote, na kituo kilichofuata kilikuwa Bedok, nyumbani kwao.

Wanaishi ghorofa ya 11 katika jengo la serikali, na hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu kwa msomaji wa Tanzania au Kenya maneno nyumba ya serikali huleta picha ya rangi iliyobanduka na bomba linalovuja. Singapore ilianzisha bodi yake ya nyumba, HDB, mwezi Februari 1960, hata kabla haijawa nchi. Mwaka uliofuata moto uliteketeza mtaa wa mabanda wa Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi, na bodi hiyo ikajenga kwa kasi ambayo watu wazima wa huko bado wanaisimulia. Leo wakazi wapatao wanne kati ya watano wanaishi katika majengo yake, na walio wengi wamezinunua nyumba zao, si wapangaji. Sisi tuliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, miaka miwili tu nyuma yao, na kila ninapopita Upanga huwa najiuliza tulikwama kwenye kona ipi. Lakini ununuzi wa Singapore nao una mkia wake: unauziwa nyumba kwa miaka 99, na ikiisha, nyumba na ardhi vinarudi serikalini.

Jengo la rafiki yangu lilikamilika mwaka 1978. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 2016 na ambaye anapenda hesabu kuliko chakula, alinipa taarifa hiyo kabla sijavua viatu: mwaka 2077 nyumba itakwisha, na siku hiyo yeye atakuwa na miaka 61. Alilisema hilo bila huzuni, kama mtoto wa kwetu anavyokutajia tarehe ya kufungua shule. Nami nina hati ya kiwanja cha Goba iliyoandikwa miaka 99, kwa kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na sisi wote tumepewa tu haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99, lakini sijawahi kukaa chini kutoa mwaka mmoja kwenye hesabu hiyo, wala sijui mtu aliyewahi. Tunajenga kana kwamba tumeandikiwa milele. Wao wanaishi na tarehe ukutani.

Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, na jiko jembamba lenye dirisha kubwa, na nje ya dirisha hilo kuna matundu ya chuma ambamo hutumbukizwa miti ya mianzi iliyovishwa nguo mbichi, mashati yakipita mikono yote miwili, ili zikauke zikining'inia juu ya utupu wa ghorofa 11. Bi Mkubwa, mama mzazi wa rafiki yangu, ana miaka zaidi ya 70, na anausukuma mwanzi wenye shuka tatu za maji kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye simu. Nilijaribu kumsaidia, nikaelewa baada ya nusu dakika kwamba ni kazi yenye ufundi wake, na kwamba shuka ikiponyoka pale nitaenda kuiombea radhi kwa mtu wa ghorofa ya pili. Kwenye korido, mlango wa kulia ni wa mzee wa Kichina mwenye altare ndogo nyekundu na machungwa mawili. Wa kushoto ni wa familia ya Kitamil. Nilisifu mchanganyiko huo, na mume wa rafiki yangu akaniambia kwamba haukuja wenyewe. Tangu mwaka 1989 kila jengo lina kiwango cha juu cha Wachina, Wamalay na Wahindi wanaoruhusiwa kuishi humo, na anayeuza nyumba yake anaweza kumkosa mnunuzi mzuri kwa sababu kiwango cha kabila la mnunuzi kimejaa. Nilifikiria Kariakoo, ambako Mpemba, Mchaga, Mhindi na Mkinga wamepanga milango inayofuatana bila mtu kuwapangia. Halafu nikafikiria miji mingine ambako watu walijitenga wenyewe hadi siku waliyoshikiana mapanga, nikaona ni afadhali ninyamaze nile.

Tulikula, tukanywa chai, na nilipokuwa nakaribia kulala Bi Mkubwa aliingia sebuleni na kikapu cha mayai ya kuchemsha yaliyopakwa rangi na rundo la vifuko vya kitambaa chembamba. Kesho yake palikuwa na harusi chini ya jengo, mjukuu wa jirani wa ghorofa ya sita alikuwa anaolewa, naye alikuwa ameahidi kufungasha zawadi 200 za wageni. Kila kifuko kilitakiwa kiwe na yai moja, peremende mbili na ua la karatasi. Alinitazama, akasogeza kikapu katikati yetu. Ndivyo jembe lilivyonifikia saa sita baada ya kutua, na wahenga wangu hawakunitetea. Tulifunga vifuko hadi usiku mkubwa, nami nikajifunza fundo lake, ambalo linapita mara mbili chini ya yai ili lisizame pembeni. Zamani, alisema, siku tatu kabla ya harusi kijiji kizima kingekuja kumenya vitunguu na kusuka makuti ya wali. Sasa chakula huletwa na gari la wapishi wa kukodi saa nne asubuhi, na kazi iliyobaki ya mikono ni hii.

Asubuhi ya Jumamosi iliniamsha na mkanganyiko ambao ni Mswahili tu anayeweza kuupata. Singapore iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mchana na usiku hugawana sawa kama kwetu, lakini tangu tarehe 1 Januari 1982 nchi hiyo ilisogeza saa zake mbele, ili zilingane na za Malaysia, na matokeo yake jua huchomoza kwenye saa moja mwaka mzima. Mtu aliyezoea kwamba saa kumi na mbili ndipo kunapokucha hujikuta amesimama dirishani gizani akidhani simu yake imeharibika. Niliposikia hatua za Bi Mkubwa jikoni tulikuwa tumekwisha kuswali alfajiri kitambo, na bado nje palikuwa usiku.

Tulikwenda kunywa chai kwenye banda la chakula la mtaani, lile ambalo Wasingapore hulitaja kwa fahari ambayo watu wengine huwawekea wafalme wao. Miaka ya 1960 wachuuzi wa chakula walikuwa wamejaa barabarani, na serikali ikawaorodhesha, ikawajengea mabanda yenye maji na mifereji, ikawahamishia humo wote hadi kufikia mwaka 1986. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo wa kula mabandani katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika. Mimi niliona tu mama ntilie 60 chini ya paa moja, kila mmoja akipika kitu kimoja na kukipika vizuri. Niliona pia meza tupu katikati ya watu waliosimama wakitafuta pa kukaa, nikaikalia kwa ushindi, na mzee mmoja akaja akanionyesha kwa heshima kipakiti cha karatasi za kufutia mikono kilichokuwa juu yake. Huo ndio muhuri. Ukiweka kipakiti cha thumni mezani umeikamata meza, na hakuna atakayekibeba wala atakayekaa, hata ukakaa foleni nusu saa. Nilisimama nikiwa nimeona haya, nikajiambia kwamba Kariakoo kisingekaa dakika moja, si kwa ubaya wa watu, ila kwa kuwa karatasi za kufutia mikono zina kazi.

Chakula kilikuwa nasi lemak, ambacho ni wali wa nazi. Simaanishi kwamba kinafanana na wali wa nazi. Ni wali wa nazi, wenye jani la mrampe ndani yake, ukifuatana na dagaa wakavu wa kukaanga, karanga, tango, na pilipili iliyosagwa ikapikwa na sukari kidogo. Mtu wa Unguja angekula akaulizia mchicha. Bi Mkubwa aliniangalia nikila kwa mkono, akamwambia bintiye kitu nilichokielewa bila kutafsiriwa, kwamba huyu ametoka nyumba ya watu. Tulipomaliza tulirudisha sinia zetu wenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kuacha sinia mezani ni kosa, na rafu za sinia za halali na zisizo za halali zimetenganishwa.

Kutoka hapo Bi Mkubwa alitaka kunionyesha bahari. Tulipanda basi hadi kwenye bustani ndefu ya ufukweni ya East Coast, tukakaa kwenye benchi chini ya mivinje, meli zikiwa zimetia nanga mbele yetu hadi macho yalipochoka. Nilihesabu 30 nikaacha. Nilidhani hiyo ndiyo bahari aliyotaka nione. Yeye aligeuka akaelekeza kidole nyuma yetu, upande wa nchi kavu, ng'ambo ya barabara kuu yenye njia nyingi na majengo ya ghorofa 20, akasema bahari ilikuwa pale. Alizaliwa Siglap, katika kijiji cha wavuvi, nyumba ya mbao juu ya nguzo, na maji kujaa alikuwa akiyasikia chini ya sakafu akiwa amelala. Mwaka 1966 serikali ilianza kufukia bahari upande huo. Vilima vya Siglap na Bedok vilichongwa, udongo wake ukamwagwa majini, na mwambao ukasogezwa mbali na milango ya watu. Kisiwa kilichokuwa na kilomita za mraba zipatazo 580 sasa kina zaidi ya 730, na hata hivyo Unguja inakizidi mara mbili. Benchi tuliyokalia, mivinje, njia ya baiskeli na mtoto aliyekuwa akirusha tiara, vyote vilikuwa juu ya kilima alichokipanda akiwa mdogo.

Nilimuuliza kama ilimuuma. Alifikiri, akasema kwamba nyumba ya Siglap ilikuwa inavuja na choo kilikuwa mbali, na kwamba alipopewa funguo za Bedok alikwenda bafuni akafungua maji na kufunga, akafungua na kufunga. Kisha akasema kwamba kitu pekee ambacho serikali imekikumbuka ni uwazi wa chini ya nyumba. Katika kijiji, chini ya nyumba ya nguzo ndipo wanawake walipokaa mchana, ndipo kuku walipolala, ndipo mitumbwi ilipotengenezwa. Majengo ya HDB nayo, mengi yake, yameacha ghorofa ya chini tupu, nguzo na sakafu tu bila kuta, na Wamalay hupaita bawah blok, chini ya jengo. Wasanifu walikuwa na sababu zao. Ya Bi Mkubwa ni hiyo.

Na saa sita mchana nilikuta huko chini ya jengo harusi ya watu 1,000, kwa makadirio ya mume wa rafiki yangu, ambaye huenda alizidisha. Mapazia meupe na ya dhahabu yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo zilezile ambazo jana yake zilikuwa na matangazo ya kukataza kucheza mpira, feni kubwa zilikuwa zinapuliza, na jukwaa la bibi na bwana harusi lilikuwa limepambwa mbele ya masanduku ya barua ya wakazi, kiasi kwamba mzee mmoja wa Kichina aliyeshuka kuchukua barua zake ilibidi apite nyuma ya kiti cha bwana harusi, akafanya hivyo taratibu, akampa mkono, akaondoka na bili ya umeme. Bwana harusi alifika na ngoma za matari, wavulana wakibeba fimbo ndefu zenye matawi ya karatasi za kumetameta mfano wa mnazi uliochanua. Kwa mtu aliyekulia kwenye maulidi, mapigo yale si ya kigeni. Nilikuwa nimevaa dera langu la safari, ambalo huko lilionekana vazi la heshima kubwa, na mama wa bibi harusi, ambaye hakunijua wala hakuuliza mimi ni nani, alinikalisha akanipakulia wali wa samli. Wageni huja na kuondoka mchana kutwa. Unakula, unapanda kuwapa pole na pongezi walioketi jukwaani, na unapoaga unamshika mkono mwenye shughuli, bahasha ikiwa imekunjwa ndani ya kiganja, ipite bila kuonekana. Kutunza kwa siri namna ile kungewashangaza kidogo wapiga vigelegele wa kwetu. Nami nilikabidhiwa kifuko, nikageuza fundo lake chini: lilikuwa langu, la usiku, kabla sijajua kulipitisha mara mbili, na yai lilikuwa limezama pembeni.

Alasiri, mimi na rafiki yangu tuliwaacha wengine tukaenda mjini, na hapo ndipo palikuwa mahali pekee nilipoomba mwenyewe kupelekwa. Katika Makumbusho ya Tamaduni za Asia, ukingoni mwa Mto Singapore, kuna mzigo wa meli iliyozama karne ya 9 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na ambayo wapiga mbizi waliibahatisha mwaka 1998. Ilikuwa inatoka China na vyombo vya udongo vipatavyo 60,000, vingi vikiwa bakuli za tanuri za Changsha, na moja ya bakuli hizo imechorwa mwaka ambao kwa kalenda yetu ni 826. Bakuli zimepangwa kama zinavyopangwa Kariakoo, moja ndani ya nyingine. Lakini mimi sikwenda kwa bakuli. Chombo kile hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu, na wataalamu waliochunguza mbao hizo wamekuta mti wa Afrika, wa jamii moja na mbambakofi wetu. Oman ilijenga mfano wa chombo hicho kwa kushona vilevile, na mwaka 2010 ikausafirisha kwa tanga kutoka Muscat hadi Singapore na kuutoa zawadi. Nilisimama mbele ya kioo nikiwaza juu ya wale mabaharia, ambao kusimama kwao njiani hakukuhesabiwa kwa saa. Upepo wa kwenda ukikoma, walikaa bandarini miezi wakingoja upepo wa kurudi, na katika kungoja huko walipanga, walikopa, waliugua, walioa. Mahadhrami, yaani Waarabu wa Hadhramaut, Yemen, waliokwenda Lamu na Zanzibar na ndugu zao waliokwenda Singapore walipatikana hivyo; treni tuliyokuwa tumepanda alasiri hiyo ilipita kituo kiitwacho Aljunied, jina la ukoo mmoja wao. Rafiki yangu alinivuta mkono. Makumbusho yalikuwa yanafungwa saa moja.

Tulipitia Msikiti wa Sultan, Kampong Glam, kwa swala ya magharibi. Jengo la sasa lilikamilika mwaka 1932, na chini ya kuba lake la dhahabu kuna mkanda mweusi unaong'aa ambao kwa mbali hudhaniwa ni vigae. Ni vitako vya chupa. Wakati wa ujenzi, Waislamu maskini ambao hawakuwa na fedha za kuchangia waliombwa walete chupa tupu, ili nao wawe wamo. Nilizikodolea macho hadi shingo ikauma.

Usiku ule wa mwisho ndipo Bi Mkubwa aliponieleza habari za mumewe. Tulikuwa jikoni, yeye akikoroga sufuria ya kaya, ambayo ni tui la nazi, mayai na sukari vinavyopikwa polepole hadi viwe laini ya kupaka mkate, nami nikiwa nimepewa zamu ya pili ya mwiko. Mumewe alizikwa Choa Chu Kang, mashariki wakiishi wao na magharibi akilala yeye. Tangu mwaka 1998 kaburi jipya la Singapore lina miaka 15, kwa kuwa ardhi haitoshi. Muda ukipita eneo likatangazwa, mifupa hufukuliwa, na kwa Waislamu huzikwa upya, watu kadhaa katika kaburi moja. Wanazuoni wa huko waliliridhia hilo. Zamu ya mumewe ilipofika, alikwenda na wanawe alfajiri, akiwa na sanda mpya. Kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia, kikakaa kwenye sanda kama mtoto mchanga, na alimbeba mwenyewe hatua chache kabla wanaume hawajampokea. Sasa amelazwa na watu asiowajua, na yeye akienda kuzuru huwaombea wote, hawezi kuchagua. Alinyamaza akaonja kaya. Nilifikiria makaburi ya Kinondoni, ambako ili upite kati ya kaburi na kaburi inabidi utembee upande upande, na kila kaburi linajiona ni la milele. Sikuweza kusema lipi ni bora, na hata sasa siwezi. Akaniambia nisiache kukoroga, itashika chini.

Jumapili tulishuka na lifti saa kumi na moja na nusu, gizani kabisa. Mapazia yalikuwa yameondolewa, sakafu imeoshwa, matangazo ya kukataza mpira yako mahali pake. Chini ya jengo palikuwa tupu kana kwamba hapajawahi kuolewa mtu. Mtoto alishuka nasi akiwa na nguo za kulalia, akanijulisha kwamba zimebaki saa tatu na nusu. Bi Mkubwa hakushuka, magoti hayampi, alikuwa ameniaga mlangoni kwa kunishika mkono na kuacha kitu kilichokunjwa kiganjani, kwa ufundi uleule wa harusini, nami nilijua kanuni, sikukifungua mbele yake.

Uwanjani mzani ulisema sanduku langu limezidi kilo mbili. Nilipiga magoti kando ya foleni nikalifungua, nikatoa makabrasha ya kozi ya Melbourne na viatu vya mvua, nikayahamishia kwenye mkoba wa mkononi hadi namba iliporidhika. Chupa ya kaya niliiacha ilipokuwa, katikati, ikiwa imeviringishwa kwenye dera. Nilipokuwa naikaza ndipo nilipoona kwamba kwenye kifuniko Bi Mkubwa alikuwa amebandika kipande cha utepe mweupe, na juu ya utepe, kwa kalamu ya wino, ameandika tarehe ya mwisho ya kuliwa.